Upinde Juu ya Mti: Jinsi ya Kupandisha, Kutumia na Kushusha Zana za Kuwinda Bila Kujiumiza

Wanaowinda kulungu wa mkia mweupe kwa upinde huko Marekani na Kanada wengi wao hukaa kwenye dungu lililofungwa mtini, mita 5 au 6 kutoka ardhini. Huko juu mwindaji haonekani upesi, na harufu yake huelea juu ya pua ya mnyama. Lakini mtu akidondoka kutoka mita 6 hufika chini kwa sekunde moja na kidogo tu, kwa kasi ya karibu kilomita 39 kwa saa. Na huyu si fundi paa aliyeshika nyundo: ana mishale yenye nyembe kali kama za kunyolea, na upinde ambao ukivutwa unabeba nguvu ya pauni 50 hadi 70.

Mwongozo huu ni kwa Waswahili wanaoishi huko na kuanza kuwinda, kuanzia Minnesota ambako msimu wa upinde huenda kutoka katikati ya Septemba hadi mwisho wa Desemba, hadi majimbo ya kusini ambako msimu huendelea mpaka Januari. Kwanza pata leseni na mafunzo ya jimbo lako. New York, kwa mfano, haikupi ruhusa ya kuwinda kwa upinde mpaka uwe na cheti cha mafunzo ya upinde, na cha bunduki hakitoshi. Walio nyumbani wakumbuke kwamba Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania hakuna kuwinda bila leseni. Haya ni ya Amerika Kaskazini.

Yote yatakayofuata yanatokana na kanuni moja: mwili na silaha havipandi pamoja. Mwili hutangulia, ukiwa umefungwa kamba tangu miguu ikiwa ardhini. Silaha hufuata kwa kamba yake, bila mshale kwenye ugwe (ile kamba ya upinde inayovutwa), vyembe vyote, yaani vichwa vya mishale vyenye nyembe, vikiwa vimefunikwa. Wakati wa kushuka ni kinyume chake, silaha hutangulia.

Mezani, kabla ya kutoka

Ukaguzi ufanyike nyumbani penye mwanga, kwa sababu saa kumi na moja alfajiri porini hutaona ufa wowote.

Anza na ugwe. Upinde wa kapi ni ule wenye gurudumu dogo, yaani kapi, kwenye kila ncha. Pitisha kidole kutoka kapi ya juu hadi kapi ya chini, na ufanye vivyo hivyo kwa nyuzi za pembeni. Zikiwa zimeanza kutoa manyoya, paka nta ya upinde na uisugue kwa vidole mpaka ipate joto na kuingia ndani. Uzi hata mmoja ukiwa umekatika, upinde hauendi porini. Unakwenda dukani kwa fundi mwenye mashine ya kukandamiza upinde, kwani ugwe wa upinde wa kapi haubadilishwi kwa mikono mitupu. Kisha chukua pamba kavu uipitishe taratibu juu ya mikono yote miwili ya upinde, yaani vile vipande viwili vinavyopinda juu na chini ya mpini, kingo zake hasa. Pamba ikinasa mahali, hapo pana ufa ambao jicho halijauona.

Mishale ya kaboni ina hatari yake. Inaweza kupasuka kwa ndani kwa kugonga jiwe au mshale mwingine, halafu ikaonekana mizima. Shika mshale ncha zote mbili, uelekeze mbali na uso, uukunje kidogo huku ukisikiliza. Uzungushe robo, ukunje tena, mpaka umalize pande zote nne. Ukisikia mlio wa kukatika au ukihisi ulegevu, uvunje kabisa na uutupe, usije ukarudi podoni (kwenye chombo cha kubebea mishale) kwa bahati mbaya. Mshale uliopasuka ukiachiwa na upinde wa pauni 60 unaweza kusambaratika, na vipande vyake huingia kwenye mkono ulioshika upinde.

Angalia na noki, kile kiplastiki cha nyuma kinachong'ang'ania ugwe. Noki iliyopasuka huuacha ugwe utoke bila mshale, na upinde hupata pigo sawa na la kufyatuliwa mtupu. Nguvu yote ambayo mshale ungeondoka nayo hurudi kwenye mikono ya upinde, kapi na nyuzi: ugwe huruka, mkono wa upinde huweza kupasuka usoni pako. Kwa sababu hiyohiyo mshale usiwe mwepesi mno. Kiwango cha chini ambacho watengenezaji wengi hukubali ni greni 5 kwa kila pauni ya uzito wa kuvuta, kwa hiyo upinde wa pauni 60 hautaki mshale ulio chini ya greni 300, yaani karibu gramu 19 na nusu, chembe kikiwemo. Kwa uwindaji ni heri uende juu ya hapo.

Vyembe vya kuwindia vina nyembe 2, 3 au 4. Usivifunge wala kuvifungua kwa vidole, hata kama umezoea. Kila pakiti huja na kifunguo kidogo cha plastiki kinachofunika nyembe zote. Tumia hicho, na uweke kimoja cha akiba ndani ya mkoba. Vyembe vinavyofunguka vikigonga mnyama vinahitaji uangalizi zaidi, maana kipete cha plastiki kinachozuia nyembe hukauka na kukatika kwa baridi, kisha chembe hufunguka chenyewe ndani ya podo. Badilisha vipete kila msimu.

Podo nalo si la kuchukua lolote lile. Kofia yake izifunike nyembe kikamilifu kwa pembeni, na si ncha peke yake, na sifongo ya ndani iwe bado inashika. Sifongo iliyochakaa kwa kuchomwa misimu mitatu haishiki kitu. Ligeuze podo lenye mishale juu chini, ulitikise kwa nguvu ukiwa umesimama kando ya meza. Mshale ukisogea hata kidogo, sifongo imekwisha.

Mwisho, pima uzito wako ukiwa umevaa kila kitu, pamoja na mkoba na upinde. Madungu mengi na hanesi nyingi (mikanda ya mwili ya kuzuia mtu asidondoke) zimewekewa kikomo cha pauni 300, karibu kilo 136, na hanesi nyingi zina kiwango cha chini pia. Mtu wa kilo 125 aliyevaa makoti mawili na buti za theluji anaweza kuwa amevuka bila kujua.

Kamba ya mwili kwanza

Aliyekulia Pwani akikwea minazi anaweza kuiona hanesi kuwa mzigo. Mnazi hukwewa mchana, miguu mitupu, mkono ukihisi gome. Hapa unapanda gizani, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, buti nene hazihisi kipago, na chuma kina umande au barafu. Walio wengi hawaporomoki wakiwa wameketi, bali wakiwa wanapanda, wanashuka, au wanahama kutoka ngazi kwenda kwenye dungu. Kwa hiyo hanesi inayofungwa ukishafika juu imechelewa.

Tumia hanesi ya mwili mzima, yenye mikanda ya mapajani na mabegani. Mkanda mmoja wa kiunoni au kifuani ni hatari kuliko watu wanavyodhani: ukining'inia hupanda, hubana mbavu, na mtu hushindwa kupumua. Soma lebo ya hanesi uone tarehe ya kutengenezwa. Watengenezaji wengi wanasema iachwe baada ya miaka 5, na iliyowahi kuzuia mtu asidondoke isitumike tena hata ikionekana nzuri, kwa sababu mishono yake imeshatumika.

Kinachokulinda njia nzima ni kamba ndefu inayofungwa kwenye shina, juu ya usawa wa kichwa chako utakapokuwa dunguni, na kushuka mpaka kwenye mizizi. Kwa dungu la mita 6, kamba ya mita 9 inatosha. Juu yake kuna fundo la prusiki, ambalo huteleza ukilisukuma polepole na kukaza likivutwa ghafla. Unganisha karabina ya hanesi, yaani pete yake ya chuma inayofunguka, na fundo hilo ukiwa bado umesimama chini, kisha lisogeze kila baada ya hatua mbili, daima likiwa usawa wa kichwa au juu zaidi. Usipande huku umelikumbatia fundo kwa kiganja, maana mkono unaolibana fundo unaweza kulizuia lisikaze wakati unapoporomoka. Lisukume, liachie, upande.

Siku ya kwanza ya kutundika dungu lenyewe kamba hiyo bado haipo. Siku hiyo tumia mkanda wa nguzo kama wanaotumia mafundi umeme, unaozunguka shina na kushikana na hanesi kiunoni pande zote mbili, ili mikono miwili iwe huru. Kisha, ukiwa juu, funga ile kamba ndefu kabla hujashuka.

Chagua mti ulio hai na ulionyooka. Mwaloni ni mzuri. Jihadhari na miti ya eshi: mdudu wa kijani anayeitoboa aligunduliwa Michigan mwaka 2002, na tangu hapo ameua miti hiyo kwa mamilioni katika majimbo mengi. Eshi iliyokufa hukauka na kuwa dhaifu upesi, na huvunjika bila kutoa onyo. Gome lililobambuka na matundu madogo yenye umbo la nusu duara ni dalili tosha, nenda mti mwingine. Epuka pia mti wenye gome linalochomoka kwa vipande virefu, kwani mkanda wa dungu utashika gome huku gome lenyewe halijashika mti.

Ngazi za vipande ziendelee kupita usawa wa dungu, ili uingie kwa kushuka kidogo au kwenda kando. Anayeingia kwa kujivuta kutoka chini hulazimika kushika dungu kwa nguvu na kuliinamisha, na hapo ndipo mikanda hufyatuka.

Kuvuta upinde juu

Kamba ya kuvutia iwe imefungwa kwenye dungu au shinani muda wote wa msimu, isiwe kwenye mwili wako. Kamba iliyofungwa kiunoni, mwisho wake ukiwa umeshika upinde, hukwama kwenye tawi na kukuvuta ukiwa kwenye ngazi. Unene wa milimita 5 au 6 ni mzuri. Nyembamba zaidi hukata vidole na hujisokota. Urefu uwe wa kimo cha dungu pamoja na mita 2 za ziada.

Unapofika chini ya mti fanya hivi:

1. Weka upinde ardhini upande wa pili wa shina, mbali na ngazi, walau mita moja na nusu kutoka pale ambapo mtu angedondokea. Hakuna mshale kwenye ugwe, na mishale yote imo podoni.
2. Kama podo limefungwa kwenye upinde, chagua: lifungue lipande peke yake likiwa ndani ya mkoba mgumu, au liache lakini uufunge upinde kwa mkono wake wa chini, ili unaponing'inia vyembe vielekee ardhini. Ukiufunga kwa mkono wa juu, kitu cha kwanza kufikia vidole vyako ni kofia yenye nyembe.
3. Pitisha kitanzi cha kamba kwenye mkono wa upinde, karibu na mpini. Kisipite kwenye ugwe, kwenye nyuzi za pembeni, kwenye kapi, wala kwenye kile kifaa cha kulengea. Ugwe unaobanwa na kamba huweza kuruka kwenye kapi, nawe hutajua mpaka uvute.
4. Vuta kamba kwa mkono taratibu ujaribu fundo huku upinde ungali chini.
5. Jiunganishe na kamba ya mwili, panda mikono mitupu, viungo vitatu vikiwa vimeshika wakati wote: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja.
6. Ukishaketi na kuhamishia hanesi kwenye kamba fupi ya dunguni, ile inayofungwa shinani, ndipo uanze kuvuta.

Hatua ya sita ina mtego wake. Ukihama kutoka kamba ndefu kwenda kamba fupi, kuna sekunde chache ambazo mtu huwa hajafungwa popote. Funga ya pili kwanza, ndipo ufungue ya kwanza. Na kama kamba ndefu inafika juu ya kichwa chako ukiwa umeketi, huna sababu ya kuhama kabisa, baki nayo.

Vuta ukiwa umeketi na mgongo ukiwa shinani, kamba ikipanda kati ya magoti au upande wa mkono unaoona vizuri. Anayesimama na kuinama ukingoni ameipeleka nje ya dungu sehemu nzito ya mwili wake. Upinde ukinasa kwenye tawi, ushushe nusu mita, uzungushe kamba, uvute tena. Usiutikise kwa nguvu. Baada ya kuupokea, uangalie kwa taa ya kichwa: ugwe umekaa ndani ya mifereji ya kapi zote mbili? Kitundu cha kulengea hakijahama? Kipumziko cha mshale hakijapinda? Sekunde 20 zinatosha, na ndizo zinazozuia upinde usikufyatukie usoni.

Mkiwa wawili, aliye chini asisimame chini ya mzigo unaovutwa. Anafunga, anarudi nyuma hatua tano, ndipo anatoa ishara.

Mahali pa kila kitu

Sakafu ya dungu ibaki tupu. Kitu kinachowekwa miguuni hupigwa teke gizani, na mtu anayejaribu kudaka kitu kinachodondoka huenda nacho. Kikidondoka, kiache kidondoke. Kama ni upinde, shuka kwa utaratibu uleule na uukague wote kabla hujauvuta tena. Kama uligonga kwa kapi, siku hiyo ya kuwinda imekwisha.

Upinde utundikwe kwenye kulabu, mahali ambapo mkono unaoushika huufikia bila wewe kunyanyuka. Kwa anayetumia mkono wa kulia, yaani anayeshika upinde kwa kushoto, kulabu iwe kushoto kwake, usawa wa bega. Mkoba uwe kulia. Kulabu za kuskurubu ni rahisi, lakini kwenye ardhi nyingi za umma ni marufuku kutoboa mti, kwa hiyo nunua za mkanda. Kisu kikae kwenye ala, ndani ya mkoba, si kiunoni: mtu akidondoka na kusimamishwa na hanesi, chochote kigumu kilicho kiunoni humgonga mbavu.

Simu, filimbi na kamba ya kujinyanyulia (ya kukanyaga ukiwa unaning'inia) ziwe mwilini, kwenye mifuko ya kifuani. Watu wengi huweka simu kwenye mkoba, na mkoba hubaki juu mtini wao wakiwa wananing'inia mita moja chini yake. Ongeza na bendeji ya kukaza ya kuzuia damu, kwenye mfuko ambao mkono wowote kati ya miwili unaufikia.

Mshale kwenye ugwe

Mshale uwekwe kwenye ugwe ukiwa umeketi, umefungwa, umetulia, na mwanga halali wa kuwinda umefika. Ushike kwenye shina lake, usishike karibu na chembe, na uutoe podoni kwa kuuvuta moja kwa moja. Ukiupindisha, unakata sifongo na pengine kidole.

Kuna wanaokaa kwa muda wa saa nne mshale ukiwa kwenye ugwe na upinde mapajani. Si mbaya, ila usingizi unapoanza kukuvuta, urudishe mshale podoni na utundike upinde. Baridi na kutotikisika huleta usingizi hata kwa aliyelala vizuri, na dawa nyingi za mafua na mzio huzidisha.

Kabla kulungu hajatokea, jaribu nafasi yako. Usivute upinde mtupu kamwe kwa kujaribu, kidole kikiteleza umeuvunja. Kwanza zungusha upinde bila kuuvuta, kushoto, kulia, chini karibu na shina, uone kapi ya chini inagusa wapi: reli ya dungu, goti, kiti, au kamba fupi ya hanesi. Upinde wa kapi wenye urefu wa sentimita 75 hupita mahali pengi. Upinde wa jadi wa sentimita 160 hugonga reli karibu kila ukielekea chini, na mkono wake ukigonga chuma wakati wa kuachia, mshale huenda kokote na upinde huweza kupasuka. Kisha, ukitaka kuvuta kikamilifu, weka mshale wenye ncha ya mazoezi, elekeza ardhini mahali laini ambapo hata ukiponyoka hautadhuru, vuta, rudisha taratibu.

Kidole kisiguse kifyatulio, yaani kitufe cha kile kifaa cha mkononi kinachoshika na kuachia ugwe, wakati wa kuvuta. Kiweke nyuma ya kifyatulio mpaka ugwe ufike mdomoni na jicho liwe kwenye kitundu. Usivute huku upinde umeelekea mbinguni. Mshale unaoponyoka hivyo huenda mbali na hakuna anayejua unapoangukia. Ukilazimika kuelekeza upinde juu ili uuvute, uzito wa kuvuta wa upinde wako ni mkubwa mno. Punguza pauni 5 kwa kulegeza bolti za mikono ya upinde kwa kiasi kinachoruhusiwa na mtengenezaji. Misuli iliyoganda saa tatu kwenye baridi haivuti kile ilichovuta Agosti uwanjani.

Kamba fupi ya hanesi ndiyo inayowasumbua wengi. Ikiwa ndefu inakuacha uporomoke mita nzima kabla haijakamata; ikiwa imefungwa chini, vivyo hivyo. Ifunge usawa wa kichwa ukiwa umesimama, kiasi kwamba ukiketi karibu ikazane. Ukigeuka kupiga upande wa mkono wa ugwe, ipitishe nyuma ya kichwa kabla ya kuinua upinde, isije ikakaa kati ya ugwe na bega. Angalia pia mkanda wa kifuani, kamba ya darubini na mkono wa koti: ugwe ukivigusa, mshale hukosa njia. Fanya mazoezi uwanjani ukiwa umevaa koti na hanesi zilezile. Kwa kuwa mtu wa mkono wa kulia hugeuka kirahisi kushoto, tundika dungu ili njia ya kulungu ipite kushoto kwako.

Ukielekeza chini, pinda kiunoni. Anayeshusha mkono peke yake huharibu mkao wa mabega na mshale hupita juu ya mnyama. Kimo nacho kina hesabu yake: kutoka mita 6, kulungu aliye mita 18 unampiga kwa mwinamo wa nyuzi 18 tu, lakini aliye mita 6 kutoka shinani yuko kwenye nyuzi 45, na hapo mshale huweza kupata pafu moja tu. Kupanda mita 9 hakukuongezei usalama wala usahihi. Subiri asogee.

Upinde wenye kitako

Upinde wa kufyatua wenye kitako kama cha bunduki unastahili maneno yake. Nguvu yake mara nyingi huzidi pauni 150, na kuukoka, yaani kuvuta ugwe mpaka unase tayari kufyatuliwa, kunataka kukanyaga kwa mguu na kuvuta kwa mikono miwili huku umeinama, jambo lisilofaa kabisa juu ya dungu. Ukoke chini, kizuizi cha kifyatulio kikiwa kimewekwa, bila mshale, kisha uupandishe kwa kamba mdomo ukielekea ardhini. Mshale huwekwa ukishaketi tu. Ukiwa juu, hakikisha mikono yake ina nafasi pande zote mbili, maana hufunguka kwa upana na kugonga shina, na vidole vya mkono unaoshika mbele vibaki chini kabisa ya reli ambayo mshale hulala juu yake. Ugwe unaopita hapo hukata kidole.

Jioni usijaribu kuurudisha ugwe kwa mikono, isipokuwa kama mtengenezaji ameweka kifaa cha kazi hiyo. Ondoa mshale, weka kizuizi, ushushe kwa kamba. Ukishafika chini, tia mshale wa mazoezi usio na nyembe na uupige kwenye udongo laini au kwenye mfuko wa kulengea, hatua kadhaa mbele yako, mbali na mawe na mizizi.

Baada ya kupiga, na kushuka

Mshale ukishaondoka, moyo hudunda na mikono hutetemeka. Hapo hushukwi. Tundika upinde, kaa, tazama kulungu alikopitia, chagua mti au kichaka kama alama. Mnyama aliyepigwa kifuani mpe walau nusu saa. Aliyepigwa tumboni mpe saa 8 au zaidi, vinginevyo utamfukuza na kumpoteza. Subira hiyo inakufaa wewe pia, kwani magoti yanarudi kuwa magoti.

Rudisha mshale wowote uliobaki nje ndani ya podo, kofia ifunge. Funga upinde kwa kamba kama ulivyoupandisha, ushushe upande wa pili wa shina, na uhakikishe umelala ardhini na si umesimama ukiegemea mti na vyembe juu. Kisha mkoba. Halafu wewe, karabina ikiwa kwenye fundo la kamba ndefu kabla hujafungua kamba fupi. Radi ikisikika, utaratibu ni huohuo, ila bila kungoja kulungu wa mwisho.

Unapomfuata mnyama gizani, usibebe mshale mkononi. Anayejikwaa na mshale mkononi hujichoma paja, na mshipa mkubwa wa paja ukikatwa mtu anaweza kufa kwa dakika chache.

Ukining'inia, au ukijikata

Hanesi ikikukamata, usikate kamba. Shika mti au ngazi, rudisha miguu kwenye kipago kama unaweza. Ukishindwa, toa ile kamba ya kujinyanyulia, ifunge kwenye kamba ya hanesi kama kitanzi, ukanyage na unyooshe miguu ili mikanda ya mapajani ilegee. Anayening'inia bila kusogeza miguu, damu hukwama huko chini na anaweza kupoteza fahamu ndani ya dakika chache tu. Kama huna kamba hiyo, piga teke shina, sukuma kwa miguu, chezesha misuli ya mapaja bila kukoma. Piga 911, kisha filimbi mara tatu tatu. Ndiyo maana kabla ya kuondoka nyumbani mtu mmoja awe na ramani ya mti wenyewe na saa ya kurudi kwako. Kumwambia “niko porini” hakutamsaidia kukupata.

Jeraha la wembe wa chembe huwa safi na lenye kina, na maumivu yake huchelewa. Damu ikiruka au ikilowesha nguo kwa kasi, kwenye mkono au mguu, funga bendeji ya kukaza sentimita 5 hadi 8 kutoka kwenye jeraha kuelekea upande wa moyo, si kwenye goti wala kiwiko, kaza mpaka damu ikome hata kama inauma, kumbuka saa uliyoifunga, na usiilegeze. Fanya hivyo ukiwa huko juu, umefungwa hanesi, na uite msaada kutoka hapo. Usianze kushuka huku damu inatoka, kwani kizunguzungu kitakukuta kwenye ngazi. Chembe kilichonasa mwilini hakivutwi. Funga nguo kukizunguka kisitikisike.

Msimu ukiisha, shusha dungu, kamba na mikanda yote. Jua huozesha nailoni, kindi hutafuna mikanda yenye chumvi ya jasho, na mti unaonenepa huikaza mpaka ikatike. Mikanda ya racheti iliyokaa nje mwaka mzima nunua mipya kabla ya Septemba, hata kama ya zamani inaonekana kushika.